Grupu la ukoo wa Kikwajuni: Krismasi ya Jambiani

Nassor: Asalaam alaykum ukoo. Jamani nna shida, bosi wangu hapa Jambiani anataka muziki wa Krismasi wa kuwapigia wageni wakila usiku wa tarehe 24 na 25, na sharti lake zisiwe zile nyimbo nne ambazo kila hoteli ya pwani inazipiga tokea Novemba mpaka wageni wenyewe wanaomba tuzime. Na pesa hatoi. Rahma upo?

Ami Suleiman: Waalaykum salaam. Grupu hili tulifungua kwa habari za arusi na misiba, sasa tushafika Krismasi 😂

Nassor: Ami ndo kazi yenyewe hiyo, na mchango wa arusi ulionidai juzi unatoka hukohuko

Ami Suleiman: Haya endelea mwanangu endelea

Rahma: Nipo, nilikuwa mazoezini. Ingia Bandcamp, tovuti ambayo wasanii wanauza na kugawa muziki wao wenyewe, kwa brauza si kwa app, andika christmas au holiday halafu chagua aina unayotaka, kuna jazi kuna gita tupu kuna kwaya kuna wapiga kinubi, wengi hawana kampuni wala nini wamerekodi vyumbani mwao. Ukikuta pahala pa bei wamekuachia upange mwenyewe basi andika 0, inapokea.

Nassor: 0 kweli? Haiombi kadi?

Rahma: Haiombi. Baadhi yao watataka imeli yako wakutumie linki humo, na hiyo imeli ndo faida yao, mwakani akitoa kitu kipya anakuarifu.

Shangazi Zuwena: Sasa mtu anakesha anarekodi halafu anagawa bure, anakula nini? Weye mwenyewe Rahma ukenda kupiga muziki kwenye arusi ukapunjwa unanuna wiki nzima.

Rahma: 😂😂 Shangazi ile kazi, hii ya sikukuu. Kuna msanii wa Marekani anaitwa Sufjan Stevens, 2001 alianza kurekodi nyimbo za Krismasi za kuwagaia jamaa na marafiki zake tu, kama sisi tunavyopelekeana sahani siku ya Idi, mpaka 2006 ndo akazikusanya akaziuza. Yeye sasa mkubwa, lakini mtindo huo wanao wengi ambao hata jina hujapata kulisikia, Disemba anatoa nyimbo tatu nne bure, anayezipenda anarudi kununua albamu. Na wapo wanaolipa kwa hiari yao, Bandcamp inakata asilimia 15 ya muziki wa kupakua na ada ya malipo, iliobaki ya msanii.

Hamadi Chake: Mie nimeingia sasa hivi, moja inataka dola, na wiki iliopita uliponitumia linki ilikuwa bure. Wajanja hao

Rahma: Si ujanja Hamadi. Msanii kila mwezi anapewa nafasi 200 za kugawa bure, zikesha inarudi kwenye bei mpaka aongeze. Kwa hivyo ukiona kitu kizuri cha bure kichukue siku ileile usiseme ntarudi.

Hamadi Chake: Nshachukua nyengine. Bando lote limekwenda kwa albamu moja 😭

Rahma: Umechagua FLAC weye, yale mafaili makubwa ya sauti kamili. Chagua MP3, dakika moja haifiki MB 2 na nusu, wimbo wa dakika nne kama MB 10 tu. Spika ya hoteli na upepo wa Jambiani nani atajua tofauti

Mjomba Haji: Nimesoma kimya mpaka hapa. Nassor, kupakua bure na kupiga hotelini ni mambo mawili. Ukisikiliza kitandani kwako hakuna atakaekuuliza. Ukiwapigia wageni wanaolipa chakula hiyo ni biashara, na Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki ya 2003 na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Muulize bosi kama analipia leseni kabla hujajaza flashi.

Nassor: Mjomba mbona unanitia homa

Rahma: Mjomba kasema kweli tena nilikuwa nakuja hapo. Tazama chini ya wimbo kama kuna leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ambayo msanii ameshaitoa kwa watu wote, masharti yake yameandikwa kwa herufi mbili mbili. Ikiwa BY peke yake piga popote, sharti umtaje msanii. Ukiona NC basi si ya biashara, hoteli hamuwezi. ND usiikate wala usiichanganye na kitu chengine. Ikiwa haikuandikwa chochote jua haki zote zake, hata kama kakupa bure.

Rahma: Bandcamp hayo yamejificha kidogo, jaribu na Free Music Archive, ilianzishwa 2009 na redio ya WFMU ya New Jersey, kule kila wimbo umeandikwa leseni yake waziwazi. Na Internet Archive kuna rundo la lebo ndogondogo zinazogawa bure, ila kule lazima uwe na subra, mchele na chuya vimo pamoja.

Shangazi Zuwena: Lakini si nyimbo zao za zamani hizo? Ile ya usiku mtulivu nliisikia kanisa la Minara Miwili nikiwa mdogo, bado ina mwenyewe?

Rahma: Shangazi ile imeimbwa mara ya kwanza 1818 huko Austria, maneno na sauti yake havina mwenyewe tena. Lakini aliyeirekodi mwaka jana, rekodi ile ni yake. Mie nikiipiga kwa ganuni nikairekodi, wimbo wa watu wote, rekodi yangu.

Nassor: Sasa hizi nilizozipenda zote NC au hazina maandishi. Basi tena?

Mjomba Haji: Waandikie. Wasanii wakubwa ukiwaandikia unajibiwa na wakili kama utajibiwa. Hao wadogo imeli anaisoma mwenyewe.

Nassor: Haya ngoja niandike

Hamadi Chake: Nani ana bando la usiku anigaie

Ami Suleiman: Hamadi wewe huna shughuli ya Krismasi unapakua ya nini?

Hamadi Chake: Ami kuna moja ya gita wallahi tamu, haina maneno, hata hujui ya sikukuu gani

Nassor: JAMANI kajibu!! Yule mpiga kinubi, hata saa moja haijapita. Kasema tupige tutakavyo ila tumtumie video bahari ionekane, na jina lake tuliandike. Wa pili bado, lakini mmoja nshampata

Mjomba Haji: Hiyo imeli usiifute. Ichape uiweke ofisini, akija mtu kuuliza unayo karatasi.

Shangazi Zuwena: Mashallah. Sasa Rahma, watoto wa hapa je? Idi ikifika Mnazi Mmoja ni spika kumi kila moja na wimbo wake na zote zilezile, mpaka kichwa kinapasuka. Nyie wenye ganuni na fidla zenu mbona hamtoi kitu kikawa cha bure?

Rahma: Tunazo rekodi tatu tulizofanya na wenzangu niliosoma nao DCMA, chuo cha muziki hapa Zanzibar, zimekaa kwenye simu tu. Kikwazo malipo, Bandcamp inamlipa msanii kwa PayPal, akaunti ya malipo ya mtandaoni, na sote hatuna mambo hayo.

Shangazi Zuwena: Si umesema bure? Bure inataka PayPal ya nini?

Rahma: 🤐

Mjomba Haji: Kapatikana

Rahma: Haya nitawauliza wenzangu, wakikubali tunaziweka kabla ya Ramadhani, BY, sharti mtutaje

Nassor: Kwetu huku majina ntayachapa nyuma ya menyu, mpiga kinubi wa kwanza. Rahma nawe ukinifanyia hiyo ya Austria kwa ganuni ntakuweka, bosi atafurahi sana, wageni hawajapata kuisikia hivyo

Ami Suleiman: Rahma ganuni ya taarab uipige Krismasi?

Shangazi Zuwena: Suleiman, wageni wa Jambiani ndo wanaokupa mchango wa arusi, muwache mtoto apige

Rahma: Unaitaka lini?

Nassor: Tarehe 20 mwisho. Na MP3 tafadhali, si FLAC, bando sina