Negativu za baba zinatoka nyeusi tupu kwenye skana, nifanyeje?

Binti wa Ngamiani:
Wadau, habari za jioni. Marehemu baba alikuwa na studio ya picha hapa Tanga, na katuachia makopo mawili makubwa ya biskuti yamejaa negativu, yaani zile filamu ambazo picha za karatasi huchapwa kutoka kwake. Nyingi ni zile pana za mkanda wa 120, nyeusi na nyeupe, chache ni za rangi za milimita 35. Zimo ndani ya bahasha za kaki, kila bahasha ina jina la mteja kwa mwandiko wake. Nina printa yenye skana juu yake. Nikilaza picha ya karatasi inatoka safi, nikilaza negativu napata kipande cheusi tu. Nimepandisha dpi (idadi ya nukta kwa kila inchi) hadi 1200, wapi! Kipande kimoja nilikipeleka kwenye duka la picha kikarudi na mkwaruzo mrefu usoni mwa mtu, kwa hiyo hazitoki tena ndani ya nyumba hii. Na ukungu umeshaanza kuingia. Naombeni msaada.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Mwanangu, pole kwa kufiwa. Skana yako haina ubovu. Hiyo inamulika kutoka chini, mwanga unagonga karatasi na kurudi. Negativu inataka mwanga uipenye, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye mashine ya kukuzia picha. Tafuta skana yenye taa ndani ya kifuniko. Mimi natumia Epson Perfection V600. Canon CanoScan 9000F nayo inayo. Ukinunua ya mtumba, iwashe uione taa ya juu ikiwaka kabla hujatoa hela, na uulize fremu za plastiki za kushikia mkanda ziko wapi. Bila fremu filamu hugusa kioo, na picha inatoka na miviringo kama mafuta juu ya maji.

Usihangaike na dpi 6400 iliyoandikwa kwenye boksi. Faili linanenepa tu, hakuna kipya kinachoonekana. Kwa 120 weka 2400, utapata kama pikseli 5,300 kila upande kwa picha ya mraba, na hiyo unaichapa ukubwa wa bango. Kwa milimita 35 weka 3200. Picha za karatasi, 600 inatosha kabisa.

Sasa hili nakuomba ulishike. Kwenye programu kuna kitufe cha kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi. Kwa negativu za rangi kitumie, ni msaada mkubwa. Kwa nyeusi na nyeupe KIZIME. Picha hizo zimejengwa kwa chembe za fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyozuia, basi mashine inaona uso wa mtu ni uchafu na kuanza kuufuta. Mimi niliharibu hivyo kazi ya siku nzima, bahati negativu zenyewe zilikuwepo nikarudia.

Shika kwa kingo tu. Vumbi litoe kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Na ukungu usiufute kwa maji! Ukungu unakula gelatini, ule utando wa filamu unaobeba picha, na gelatini iliyoliwa ikikutana na maji inayeyuka na sura ya mtu inaondoka nayo. Skani kwanza kama zilivyo, kisha zihifadhi pakavu. Faili la kutunza liwe TIFF ya biti 16, aina isiyopunguza ubora wa picha, la kutuma WhatsApp ndilo JPEG.

Fundi Simu:
Dada, kama hela ya skana bado, weka skrini ya tableti iwe nyeupe tupu, inua negativu sentimita chache juu yake ili nukta za skrini zisionekane, piga kwa simu, halafu geuza rangi.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Kwa kujua nani yumo kwenye bahasha gani, njia hiyo ni nzuri sana. Ya kutunza bado inataka skana.

Binti wa Ngamiani:
Shikamoo mzee. Nimerudi. Nimepata V600 ya mtumba, taa inawaka, fremu zote zipo. Nimeanza na bahasha yenye jina langu. Picha yake ya karatasi iko sebuleni miaka yote: mimi mchanga nimekaa kwenye stuli peke yangu, nimetazama mbele. Nimeskani 2400, ile infraredi nimeizima. Kumbe baba alipoichapa aliikata pembeni. Kwenye negativu kuna mkono umetokea nyuma ya pazia umenishika mgongoni, vidole vina hina hadi kwenye kiungo cha kwanza, na pete ile ambayo leo iko kidoleni kwa dada yangu. Ni mkono wa mama. Nimeukuza hadi nikaona mikunjo ya ngozi. Ahsante sana mzee wangu. Kopo la kwanza limebaki na bahasha kama mia mbili hivi, na kesho naanza kuwatafuta wenye majina.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Marahaba mwanangu. Hizo bahasha usizitupe. Ziskani nazo, mwandiko wa baba uonekane.