Miezi saba, gereji tatu, shilingi 2,100,000: hakuna fundi aliyepima Land Rover yangu kabla ya kuifungua

Wakuu, nawasalimu. Nimejizuia kwa wiki mbili kuandika uzi huu, kwa sababu nilitaka kila nitakachokisema kiwe kile nilichokiona kwa macho yangu au nilichokilipia kwa fedha zangu. Hasira bado ninayo. Kwa miezi saba nimezunguka gereji tatu, na katika muda huo wote hakuna fundi hata mmoja aliyeweka mita ya umeme kwenye betri au aliyeukagua mpira wa dizeli kabla ya kushika spana.

Gari lenyewe ni Defender 110 ya mwaka 1996 yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya silinda nne, cc 2495. Injini hii haina kompyuta. Ili iendelee kuunguruma inahitaji dizeli safi isiyo na hewa, pamoja na waya mmoja wenye umeme unaokwenda kwenye solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme, ya pampu ya dizeli. Umeme ukifika, solenoidi inafungua njia ya dizeli, na umeme ukikatika, springi inaifunga njia hiyo na injini inazima papo hapo. Mnisamehe kwa kueleza jambo ambalo wengi mnalijua, lakini malalamiko yangu yote yamejengwa juu ya hayo mambo mawili. Gari hili ndilo linalobeba vitunguu vyangu kutoka Ruaha Mbuyuni, kupandisha mlima wa Kitonga, hadi Iringa mjini.

Tatizo lilianza Februari, na tangu siku ya kwanza nilimweleza kila fundi kwamba gari linazima kwa namna mbili tofauti. Namna ya kwanza ilitokea mlimani tu, hasa tangi likiwa chini ya nusu: injini inapoteza nguvu, inakohoa, kisha inakufa taratibu, na ni lazima nipampu dizeli kwa mkono mara nyingi ndipo iwake tena. Namna ya pili haikuchagua mlima wala tambarare: injini inakatika ghafla kama vile mtu amezungusha ufunguo, na nikisubiri dakika moja mara nyingi inawaka kwa stata moja tu. Aliyewahi kuzimikiwa na gari lenye mzigo katika kona za Kitonga, malori yakipanda nyuma yake na mengine yakiteremka mbele yake, anajua kwamba huo si usumbufu wa kuvumilia. Injini ikizima, breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, na baada ya hapo unasukuma pedali kwa nguvu za mguu wako.

Fundi wa gereji ya kwanza hakunisikiliza hadi mwisho. Alisema, "Mzee, hiyo ni pampu," akaishusha siku hiyohiyo na kuipeleka kwa fundi pampu, nikalipa shilingi 900,000. Nakubali kwamba pampu ya Bosch ya aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe, na kwamba maji au uchafu huiharibu haraka; lakini pampu iliyochakaa haichagui siku ambazo tangi liko chini ya nusu. Kinachoniuma zaidi ni namna ilivyorudishwa. Pampu hiyo hufungwa injini ikiwa imewekwa kwenye alama yake na puli ya pampu ikiwa imeshikiliwa kwa pini, ili dizeli ipulizwe kwa wakati unaotakiwa. Nilipouliza pini iko wapi, niliambiwa sikio la fundi linatosha. Niliondoka na moshi mweusi ambao sikuingia nao, na wiki ileile gari likazima tena mlimani.

Gereji ya pili walisema ni umeme, na kwa nusu ya tatizo walikuwa sahihi bila wao wenyewe kujua. Walinifungia betri mpya ya shilingi 280,000 na oltaneta, ile mashine inayochaji betri, ya shilingi 250,000 iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka mita inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, ni kazi ya dakika mbili, na hawakuifanya. Betri yangu ya zamani niliidai na kuondoka nayo. Nilipokuja kuipima ilisoma 12.6, na mpaka leo inawasha gari la jirani yangu kila asubuhi. Zaidi ya hayo, injini ya namna hii ikishawaka haizimi ghafla kwa sababu ya oltaneta, kwani betri peke yake inaweza kuilisha solenoidi kwa saa nyingi.

Gereji ya tatu walibadilisha nozeli nne zinazopuliza dizeli ndani ya silinda kwa shilingi 320,000, kisha wakatoza 350,000 nyingine kwa kile walichokiita kufanya wayaringi upya. Walichokifanya ni kukata nyaya nzima chini ya dashibodi na kuziunga kwa kuzisokota na kuzizungushia tepu, bila risasi ya kulehemu na bila klipu. Tangu siku hiyo, nikiwasha taa kubwa, mshale wa joto la injini unapanda, na nikizizima unashuka. Mshale wa joto unaofuata swichi ya taa ni dalili ya ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na fundi umeme wa magari anatakiwa kuijua dalili hiyo. Niliwaonyesha. Waliniambia gari limezeeka.

Agosti niliamua kutafuta mwenyewe. Nilinunua soketi, balbu ndogo ya volti 12 na mita tatu za waya, nikaunga balbu hiyo kwenye terminali ya solenoidi, upande wa pili kwenye ethi, nikaipitisha hadi mbele ya usukani. Hesabu yake ni rahisi: injini ikizima na balbu ikazimika, kosa ni la umeme, injini ikizima huku balbu inawaka, kosa ni la dizeli. Safari ya kwanza, kabla sijafika Ilula, injini ilikatika ghafla na balbu ikazimika pamoja nayo. Safari hiyohiyo, wakati wa kurudi na mzigo, injini ilikohoa na kufa Kitonga huku balbu inang'aa. Nilikaa pembeni ya barabara nikiitazama ile balbu, na naapa nilikaribia kulia, kwa sababu ilikuwa inasema kile nilichokuwa nimekisema tangu Februari.

Upande wa umeme, waya wa solenoidi ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake pale unapopita kwenye ukuta wa injini, na nyuzi chache zilizobaki zilikuwa zinagusana na kuachana kwa mtikisiko. Waya wa ethi kati ya injini na chasi nao ulikuwa umeota ukijani. Niliweka mita kati ya hasi ya betri na bloku la injini huku kijana wangu akipiga stata, ikasoma volti 1.4, wakati hata nusu volti ni nyingi mno.

Upande wa dizeli nilichukua ule mpira unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia usawa kwa maji, nikaufunga kwa muda kati ya filta na pampu. Viputo vya hewa vilikuwa vinapita mfululizo. Nikaichomoa njia ya kutoka kwenye tangi na kuilisha injini kwa dumu la lita tano, viputo vikakoma. Kosa basi lilikuwa nyuma, na nikalikuta kwenye kitenganisha maji kilichofungwa kwenye chasi karibu na tangi, ambacho kutu ilikuwa imekila pale mpira wake unapokaa. Hakikudondosha hata tone, kwa sababu njia hiyo hunyonya, kwa hiyo tundu lake linavuta hewa badala ya kumwaga dizeli. Tangi la 110 liko nyuma; gari likiinua pua mlimani, injini inakuwa juu zaidi ya dizeli, nguvu ya kunyonya inaongezeka na hewa inaingia kwa wingi. Ndiyo maana kwenye viwanja vya gereji zile, kwenye tambarare, gari lilinguruma vizuri siku nzima na mimi nikaonekana mzushi.

Matengenezo yote yamenigharimu shilingi 68,000. Tangu hapo nimepanda Kitonga mara sita na mzigo kamili, na gari halijazima.

Ninachokidai nimekiandika kwenye karatasi na nitakipeleka Jumamosi. Gereji ya tatu wanirudishie 350,000 za wayaringi, kwa kuwa nimelazimika kuziunga upya nyaya zao zote. Gereji ya pili wachukue oltaneta yao na kunirudishia ile yangu, ambayo nilipoiulizia niliambiwa imeshatupwa. Gereji ya kwanza wairudishe pampu kwenye alama yake mbele ya macho yangu, kwa pini, bila kunitoza hata senti, kwa sababu moshi mweusi bado upo na dizeli ninayochoma kwa kila safari imeongezeka. Wakikataa, nitahitaji fundi mwingine. Kama yupo mtu Iringa, Makambako au Mbeya mwenye pini za kuwekea taimingi ya 300Tdi na anayezitumia kweli, naomba anielekeze hapa kabla ya Jumamosi.