Faiba imefika sebuleni, nyaya za dishi ziko kila chumba: nizitumie au nivute mpya?

MbeziJuu
Wakuu habari za jioni. Juzi nimefungiwa faiba, modemu ipo sebuleni karibu na mlango. Chini mambo safi. Juu, chumba cha mwisho ninachofanyia kazi, Wi-Fi inaonekana lakini mkutano wa video unakatika kila mara. Wakati wa kujenga fundi alipitisha nyaya za dishi kila chumba, soketi zipo ukutani. Naweza kuchomeka nyaya zile kwenye modemu ya faiba moja kwa moja? Au ninunue adapta za MoCA (zile zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za aina hii), au mesh (vifaa kadhaa vya Wi-Fi vinavyopokezana), au nivute waya mpya wa mtandao, Cat6? Nataka nikanunue wikendi hii.

Fundi_Nyaya
Moja kwa moja haiwezekani mkuu. Modemu yako inaingiza mwanga upande mmoja na kutoa Etherneti upande wa pili. Waya wa dishi ni koaksi ya shaba, hauna pa kuingilia hapo. Lazima pawe na adapta kila mwisho wa waya. Kabla hujatoa hela tuambie: dishi bado linatumika? Nyaya zinakutana wapi, na hapo pana splita (kigawanya waya mmoja kwenda njia kadhaa) au multiswichi (kisanduku kinachogawa mawimbi ya dishi kwa ving'amuzi kadhaa)? Kifurushi ni mega ngapi? Nyumba ni yako au umepanga?

Kasuku_wa_Tanga
Mesh, mkuu. Vifaa viwili, kimoja chini kimoja juu ya ngazi, siku hiyohiyo umemaliza. Mimi mwaka wa pili sasa, watoto wanasoma mtandaoni, sijaona tatizo.

Fundi_Nyaya
Kasuku, nyumba yako ina slabu ya zege katikati? Mesh isiyo na waya inavuka slabu kama Wi-Fi nyingine yoyote. Ile Wi-Fi ya 5 GHz ikikutana na zege lenye nondo inachoka vibaya, na kifaa cha juu kitagawa hicho kidogo kilichopita.

Kasuku_wa_Tanga
Yangu ni ya chini tu. Lakini ngazi ni uwazi, mawimbi yanapanda.

Mtoro_Columbus
Niko Ohio, Marekani. Huku nyumba nyingi zina koaksi kila chumba kwa sababu ya televisheni ya kebo, na MoCA ni kitu cha kawaida. Kampuni ya Verizon kwa miaka mingi ilikuwa inaleta faiba mpaka kwenye nyumba, kisha inatumia koaksi iliyopo kufika kwenye rauta. Mimi nina adapta mbili za MoCA 2.5, moja kwenye rauta na nyingine ofisini. Nazipata mega 900 na zaidi, kikomo ni tundu la kompyuta. Ucheleweshaji unaongezeka milisekunde tatu au nne, kwenye mkutano huwezi kuuhisi. Chukua MoCA, usijisumbue kutoboa.

Fundi_Nyaya
Hapa ndipo watu wetu wanapoumia wakifuata ushauri wa Marekani. Huko koaksi ni ya kebo, huku ni ya dishi. MoCA 2.5 inatembea kati ya 1125 na 1675 MHz. Kinachoshuka kutoka LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) kwenda kwenye king'amuzi kipo kati ya 950 na 2150 MHz. Ni njia moja, na wote wawili wanataka kupita katikati yake. Halafu king'amuzi kinapandisha volti 13 au 18 kwenye waya huohuo ili kuiwasha LNB. Ingekuwa antena ya kawaida ya juu ya paa, hiyo haina ugomvi na MoCA, masafa yake yako chini kabisa. Ndiyo maana nauliza: DISHI LINATUMIKA?

MbeziJuu
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Dishi linatumika, ving'amuzi viwili, sebuleni na chumba cha wazazi. Nyumba ni yangu. Kifurushi mega 50. Nyaya zinapanda darini, zinakutana wapi sikumbuki, fundi aliyefanya alishahama. Chumba cha kazi hakina king'amuzi.

BintiPangani
Kaka MbeziJuu, nisome mpaka mwisho kabla hujanunua. Mwaka jana nilinunua jozi ya MoCA. Dishi tulishaliacha, nikajua njia ni nyeupe. Taa ya koaksi ikawaka, nikafurahi, kupima napata mega 6, dakika nyingine 40, dakika nyingine taa inazima. Nikaambiwa adapta mbovu, nikabadilisha. Vilevile. Nikaambiwa rauta, nikanunua rauta. Vilevile. Wiki tatu hizo.

Mwisho alikuja kijana mmoja, hakugusa adapta kabisa. Alifungua bamba la soketi, akafungua kichwa cha waya, kile cha kuzungusha kwa mkono. Unywele mmoja wa ule wavu wa nje ulikuwa umejikunja na kugusa shaba ya katikati. Unywele mmoja! Akakata, akafunga kichwa cha kubana. Kisha akapanda darini, akakuta splita iliyoandikwa 5-900 MHz, imeota ukungu wa kijani, ina njia nne na tatu hazina kitu. Akaitoa, akaunga waya kwa waya. Mega zote zikaja palepale. Hela ya rauta ile hainirudii. Angalieni waya kwanza.

Fundi_Nyaya
Dada umemaliza kila kitu. Splita ya MoCA lazima ifike 1675 MHz. Multiswichi ndiyo haipitishi kabisa.

Juma_Volti
Mbona hakuna aliyetaja adapta za umeme, zile zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme? Unachomeka kwenye soketi ya ukutani tu.

Fundi_Nyaya
Zipo, lakini pampu ya maji ikiwaka utaona. Na nyumba ya fezi tatu, soketi ya juu na ya chini zikiwa fezi tofauti, mara nyingi hupati kitu cha maana.

Kasuku_wa_Tanga
Jamani na radi je? Jirani yangu dishi lilipigwa, king'amuzi na televisheni vikaenda pamoja. Sasa mnataka waya unaotoka kwenye dishi ukae karibu na modemu ya faiba?

Juma_Volti
Faiba ni kioo, haipitishi radi.

Kasuku_wa_Tanga
Kioo ndiyo, lakini zile za nguzoni nyingi zina waya wa chuma pembeni wa kuibeba. Na mimi sisemi faiba, nasema koaksi ya paani.

Fundi_Nyaya
Kasuku yuko sahihi. Waya wowote utakaobeba intaneti utenganishwe na dishi kabisa, usibaki unaning'inia hata kwenye splita. MbeziJuu, waya wa chumba cha kazi kwa vile hauna king'amuzi unaweza kuuachia huru. Ukiunga waya huo na mwingine unaoshuka sebuleni ambao nao haubebi dishi, MoCA itakubali, na kwa mega 50 hata ile ya zamani 2.0 inakutosha. Kama sebuleni waya ni mmoja tu na ndio wa king'amuzi, kuna adapta za aina nyingine za koaksi, zinaitwa G.hn, hizo zinakaa chini ya 200 MHz, chini ya dishi. Lakini kwanza: umechomeka kompyuta kwenye modemu kwa waya ukapima? Tusije tukalaumu slabu kumbe laini yenyewe inakatika.

MbeziJuu
Nimepima leo, 48 mpaka 50, haikukatika saa nzima. Basi ni slabu. Nimefungua pia bamba la chumba cha kazi: waya umepita kwenye bomba la plastiki, na nikiuvuta unacheza kama sentimita tano. Sebuleni nyaya zipo mbili.

Fundi_Nyaya
Ukicheza hivyo, mimi naacha MoCA. Funga Cat6 kwenye mkia wa koaksi na kamba ya nailoni pamoja, paka sabuni ya maji, mmoja avute juu mmoja asukume chini. Kamba ibaki ndani kwa ajili ya kesho.

Mtoro_Columbus
Na bomba likiwa na kona tatu? Koaksi ikikatikia katikati amepoteza vyote viwili. Bado nasema MoCA, nyaya mbili za sebuleni zinamtosha.

BintiPangani
Kaka, panda darini kwanza uone zinapokutana. Piga picha uweke hapa.

MbeziJuu
Jumamosi asubuhi napanda, kabla bati halijapata joto.

Mpangaji_Sinza
Wakuu samahani nadandia hapohapo. Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki bamba lolote lifunguliwe, na soketi ya dishi ipo chumbani tu. Mnanishaurije?