Leaf 40 au Atto 3 kwa mazingira ya Mbeya? Naombeni mawazo kabla sijatuma hela

Mwana_Iyunga
Habari za muda huu wakuu. Nimechoka na sheli aisee, IST yangu saizi naweka mafuta ya elfu hamsini mshale haushtuki. Nimeamua nihamie gari ya umeme. Zimebaki mbili kichwani, Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya 40 (yaani uniti 40 za umeme, kWh) ipo yadi Dar, na BYD Atto 3 ya jamaa mmoja ameitumia kama mwaka na nusu anataka kuiachia. Ipi itanifaa kwa huku kwetu? Matunzo, spea, mafundi, chaji, kila kitu. Mwenye yadi anataka jibu Jumamosi maana anasema kuna mtu mwingine anaizungukia. Karibuni wajuzi.

kahawa_ya_Mbozi
Nimekaa siti ya mbele kabisa.

Fundi_Soweto
Mkuu umeuliza kama mtu anayeuliza avae kiatu gani bila kusema anaenda shamba au harusini. Kwa siku unatembea kilomita ngapi? Nyumba ni yako au umepanga? LUKU unatumia peke yako? Bajeti shingapi? Ukitoka nje ya mji unaelekea wapi, Tunduma, Kyela, Chunya? Jibu hayo kwanza ndo tuongee magari.

Mwana_Iyunga
Bajeti ipo mkuu, hiyo isikuumize kichwa. Mizunguko ni ya mjini tu, kazini na kurudi, mara mojamoja safari.

Fundi_Soweto
Mara mojamoja wapi? Na la LUKU umelipiga chenga.

Aqua_milele
Ushauri wangu achana na zote mbili chukua Toyota Aqua. Ina umeme humo humo, hauchaji popote, spea mpaka Kabwe unapata, mafundi wapo kila kona. Hayo magari ya waya subirini kwanza wenye hela zao Dar wayafanyie majaribio.

Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene wakuu. Aqua ni gari ya petroli yenye msaidizi, usimchanganye mtu, bila sheli haiendi.

Mimi nina Leaf 40 mwaka wa pili huu nipo Iringa, natoka Kihesa nashuka Ipogolo kila siku na kupanda tena ule mlima. Tangu niichukue hakuna cha oil ya injini, plagi, mkanda wala filta ya mafuta. Nimebadili wiper, filta ya AC, betri ndogo ya volti 12 (hii ikifa gari haiwaki hata kama kubwa imejaa, usije ukachanganyikiwa siku hiyo) na bushi za mbele, ila bushi ni za barabara zetu, hata mkokoteni ungebadili. Breki pedi ni zilezile, ukiachia mguu kwenye mteremko mota inashika gari na kurudisha chaji. Tairi ndo zinaisha haraka kidogo, gari nzito na inavuta ghafla.

Kero ndogondogo zipo. Ya Japani dashibodi yote ni Kijapani na kuna dada humo ndani ananiongelesha kila asubuhi mpaka leo sijui ananisalimia au ananionya. Redio inaishia masafa ya kwao, lazima ufungiwe kifaa cha kuongeza au utoe redio nzima.

Na kitu ambacho watu hawasemi, Leaf betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inategemea upepo na hali ya hewa tu, kwa hiyo joto ndo adui yake namba moja. Huku kwetu Juni unaamka unaona mvuke mdomoni, betri inakaa raha kuliko ingekuwa Dar. Leaf ukiikuta imekulia Dar iangalie mara mbili.

betri_ya_blade
Sawa lakini umemwambia nusu. Atto 3 ina betri ya 60.48 na ina mfumo wake wa kuipooza, halafu kemia yake ni ile ya chuma na fosfati, hiyo hata ukiijaza mpaka mia hailalamiki na inavumilia mizunguko mingi ya chaji. Kwa vipimo vya Ulaya inaenda kilomita 420, Leaf 40 vipimo hivyohivyo inaenda 270. Mwenye yadi atakwambia 400 maana ndo karatasi ya Japani ya 2017 ilivyoandika, vipimo vyao vya zamani. Kwa milima ya Mbeya, ukiwa na watu wanne na gunia la mchele nyuma, hiyo Leaf hesabu kilomita 200 kushuka chini ndo utalala usingizi.

Ila mtoa mada uliza hiyo Atto ilitengenezwa kwa soko gani. Kama ni ya Uchina kwenyewe usukani upo kushoto na tundu la chaji ni la Kichina, hiyo achana nayo hata kwa bure. Ya Uingereza au Australia ina tundu la Ulaya. Ya Japani ina tundu kama la Leaf. Usinunue gari halafu ukaanza kutafuta waya.

Mwana_Iyunga
Usukani ni kulia mkuu. Tundu sijaangalia.

kahawa_ya_Mbozi
Hajaangalia tundu na Jumamosi anatuma hela 😂

Shemeji_wa_Tukuyu
Ngoja na mimi nitoe la moyoni, ila sitataja yadi maana sitaki kesi.

Nilinunua Leaf ile ya zamani, ya 24. Dashibodi ina vile vibaa 12 vya afya ya betri na vyote 12 vilikuwepo, muuzaji akanionyesha kwa kidole kimoja kimoja, moja mpaka kumi na mbili, nikaona hapa nimelamba dume. Wiki mbili za kwanza mjini raha tupu, Mwanjelwa, Mafiati, SAE, napita sheli nacheka. Ila baa zikaanza kudondoka. 11. 10. Nampigia ananiambia ni baridi ya Mbeya itarudi.

Kukatokea msiba Tukuyu ukweni, kama kilomita 70 tu, nikasema naenda nayo, mke na shangazi wawili. Uyole kupanda hadi Isyonje betri inashuka unaiona kwa macho, kule mteremko ikarudisha kidogo, nikafika na asilimia 20. Nikachomeka kwa shemeji pale msibani (watu wanapika wewe unachaji gari, niliona aibu), masaa matatu ikafika 70. Tukaondoka saa kumi. Kupita Kiwira ukianza ule mpando wa kurudi Isyonje, mvua na ukungu, nikaona namba zimegeuka vistari. Baadae kikatokea kimchoro cha kobe. Kobe wa taa ya njano. Gari ikaanza kutembea kama huyo kobe kweli, bajaji ya ndizi ikanipita jamaa ananipungia mkono. Ikasimama.

Angalau ningefika Isyonje, kutoka pale ni kushuka tu mpaka Uyole ningejiachia. Shangazi anauliza si tuisukume? Kuvutwa na kamba nako nilishasoma kwamba tairi za mbele zikizunguka mota inazalisha umeme na unaweza kuua vitu. Tukakodi Canter iliyotoka kushusha viazi, tukaipandisha kwa mbao, watu kama kumi, hadi kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa na umeme. Mwenye mashine akanichaji elfu kumi na tano kwa masaa matatu. Uniti zilizoingia hazifiki nane, piga hesabu mwenyewe. Watoto wamejaa, mzee mmoja anainama anatafuta bomba la moshi.

Kesho yake kijana mmoja akaja na kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani na programu ya Leaf Spy kwenye simu. Afya ya betri asilimia 61. Kumbe walifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ndo maana baa zilionekana zote, ikitembea inajipima upya na ukweli unatoka. Leo hii nina baa 8. Ni gari ya kwenda sokoni.

Mnyalu_wa_Kihesa
Pole sana kaka. Ndo maana baa haziaminiki, kadude na Leaf Spy kabla ya hela. Muuzaji akikataa kupimwa, ondoka.

mwl_fizikia
Kobe wa ndugu yetu anaelezeka. Gari na watu tuseme kilo 1,800. Kila mita 100 unazopanda kwenda juu zinakula karibu nusu uniti, juu ya ile ya kutembea kawaida. Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi, Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500, kwa hiyo ukitoka Kyela kurudi nyumbani tofauti peke yake ni kama uniti sita, na hapo sijaweka vile vilima vya kupanda na kushuka njiani. Kwa betri ya 60 hiyo ni kawaida, kwa ya 24 iliyozeeka ni nusu ya maisha yake. Wakati wa kushuka unarudishiwa sehemu, sio yote. Na ukitoka nyumbani imejaa mia kisha unaanza na mteremko hairudishi kitu maana hakuna pa kuweka, tumia breki za kawaida.

Aqua_milele
Na ikinyesha kama ile ya Tukuyu ukachomeka waya nje si unapigwa shoti na familia yako?

Fundi_Soweto
Hapana. Ile waya na gari vinaongea kwanza ndo umeme unapita, na maji yakiingia inakata. Hatari haipo kwenye gari, ipo ukutani kwako. Nimeitwa nyumba tatu mwaka huu, zote ni plagi ya pini tatu ya kawaida imechomekwa kwenye ekstensheni ya elfu nane, gari inavuta ampea kumi na kitu usiku kucha, saa nane za usiku plastiki inaanza kunuka. Moja nilikuta soketi imeshikana na plagi imekuwa kitu kimoja, nikakata kwa msumeno. Vuta waya wa milimita 4 au 6 kutoka kwenye DB (boksi la breka), breka yake peke yake, eathi ya kweli sio ya kuchora, soketi ya viwandani ile ya bluu. Leaf ya Japani nyingi chaja ya ndani ni kilowati 3, betri ya 40 ikiwa tupu ni masaa 16. Ila kwa kilomita 40 za mjini masaa mawili matatu yanatosha.

Mtoa mada LUKU ni ya nani?

Mwana_Iyunga
Nimepanga mkuu. Tupo wapangaji wanne, LUKU moja, tunachanga kila mwisho wa wiki.

kahawa_ya_Mbozi
😂😂😂😂 hapo ndo penyewe

dada_Forest
Kaka yangu utauawa. Mimi nimepanga, kwetu pasi tu ni kikao. Mwenye nyumba alishaandika mlangoni HITA ZA MAJI HAPANA.

mwl_fizikia
Kuna na kingine. Kama hiyo mita ipo kwenye bei ya watumiaji wadogo, wale wa chini ya uniti 75 kwa mwezi wanaonunua uniti kwa 122 kodi zikiwemo, gari inawatoa wote humo. Wote mtahamia kwenye 357 hivi kwa uniti. Wewe bado inakulipa, kilomita 100 ni kama uniti 17 ukiweka na zinazopotea kwenye chaji, elfu sita hivi, wakati IST tuseme lita 7 kwa 3,000 ni elfu 21. Ila mama wa chumba cha mbele mwenye taa mbili na simu umempandishia umeme mara tatu na hapandi gari yako.

dada_Forest
Huyo mama ndo mimi.

betri_ya_blade
Aweke mita ndogo ya kuhesabia upande wake, shida ipo wapi? Au achajie kazini.

Fundi_Soweto
Mita ndogo inahesabu, hairudishi watu kwenye 122. Aombe mita yake TANESCO, mwenye nyumba akikubali. Wengi hawakubali.

Mwana_Iyunga
Mwenye nyumba ni mzee mzuri tu nitaongea nae. Bajeti kwa wanaouliza ni milioni 30, Atto jamaa anataka zaidi ila nilikuwa nafikiria niuze IST nijazie. Safari ni Makambako mara mbili kwa mwezi, nina parachichi kule.

Mnyalu_wa_Kihesa
Hili ndo ulitakiwa kuanza nalo! Mbeya Makambako ni kama 170. Leaf 40 nzima utafika ila utafika unaomba Mungu, na lazima ulale uchaji. Atto unaenda bila presha, japo kurudi nako uweke kidogo. Kwa mjini tu ningekwambia Leaf macho yamefumba.

betri_ya_blade
Nilisema.

Aqua_milele
Aqua Makambako kwenda na kurudi na chenji inabaki.

kahawa_ya_Mbozi
Na hiyo Leaf ikitoka Dar inafikaje huku? Kilomita mia nane na ishirini na ushee, Kitonga ipo njiani.

Mnyalu_wa_Kihesa
Mimi yangu niliileta Iringa kwa kuiendesha, siku tatu. Moro nikalala, Mikumi nikalala, Kitonga nikapanda taratibu nyuma ya malori nikafika na 22. Kila gesti naanza na mhudumu, namuonyesha waya, anamwita meneja, meneja anamwita mwenye gesti kwa simu. Mikumi walinichaji kama chumba cha pili. Wewe ongeza Makambako na siku mbili. Au pakia kwenye lori.

Shemeji_wa_Tukuyu
Lori. Nisikilize mimi. Lori.

Mwana_Iyunga
Asanteni sana wakuu. Kesho namtuma mdogo wangu na hako kadude akapime Leaf, na jamaa wa Atto nimemwambia anitumie picha ya tundu, hajajibu toka mchana. Nikipata mrejesho nitaleta hapa.

dada_Forest
Ongea na wapangaji wenzako kabla ya mzee.

kahawa_ya_Mbozi
Mkuu hiyo IST ni ya mwaka gani na unaiachia kwa shingapi?