Naomba ushauri: binti yangu anaipoteza lugha ya bibi yake
Habari zenu ndugu. Mimi ni Mtanzania, naishi Bronx, New York. Mume wangu ni Mgarifuna wa Honduras, kizazi cha Waafrika na wenyeji wa asili wa Karibi ambao Waingereza waliwafukuza kisiwani Saint Vincent mwaka 1797 na kuwatupa Roatán, kisiwa ambacho leo ni cha Honduras. Nyumbani kwetu Kigarifuna anakijua mama mkwe peke yake. Binti yetu ana miaka 6. Shuleni wanamwita Mlatino (mtu wa asili ya Amerika ya Kilatini), mtaani mweusi tu, baba yake anamsemesha Kihispania, nami nang'ang'ania Kiswahili. Bibi akiimba, mtoto haelewi neno. Roho inaniuma sana. Mliolea watoto wa lugha nyingi, nipunguze Kiswahili changu apate cha bibi yake? Na mume nimwambieje bila kumkwaza?