Usaili wa kazi: kosa gani lako lilikugharimu? Tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Mambo ya tai na kung'arisha viatu tuyaache, hayo kila mtu anayajua na sijawahi kukutana na mtu aliyekosa kazi kwa sababu ya tai. Naanza na langu, nanyi mlete yenu.

Nilipanda basi Sumbawanga kwenda Dodoma kwenye usaili wa utumishi wa umma. Nauli, chakula na gesti vyote juu yangu, maana tangazo husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia. Usiku kucha nakariri majukumu ya nafasi. Asubuhi kwenye foleni ya uhakiki, dada wa mezani akaweka cheti changu cha kuzaliwa kando ya cheti cha kidato cha nne, akapitisha kalamu taratibu chini ya jina la kati. Huku "Hamisi", huku "Hamis". Akaniuliza, "Dipoli unayo?" Sikujua hata dipoli ni mnyama gani, kumbe ni hati ya kisheria ya kubadili au kurekebisha jina (deed poll). Saa tatu haijafika niko nje ya geti na bahasha yangu, wenzangu ndiyo kwanza wanaitwa.

Na tangazo lilikuwa limeeleza. Mimi nilichofanya ni kutafuta jina langu kwenye orodha, nikaliona, nikafunga simu kwenda kuwaambia nyumbani.

Haya, nani anafuata?

Mdau wa Mwanza: Pole mkuu. Mimi nilipeleka karatasi ya matokeo ya chuo kwa kuwa cheti chenyewe kilikuwa bado. Hawakuipokea. Wanataka cheti halisi, na kitambulisho halisi pia, siyo kivuli.

Mdau wa Dar: Kwenye wasifu niliandika "mtaalamu wa Excel". Kusema kweli nilichokuwa najua ni kuchora jedwali na kulipaka rangi. Usaili ulikuwa kwenye kampuni moja ya usambazaji. Maswali yakaisha vizuri tu, mara mama mmoja akanigeuzia laptopu yake: "Haya kijana, haya ni mauzo ya mwezi, mistari kama mia tatu. Nataka jumla ya kila mkoa. Dakika kumi." Nikashuka na mistari, nikapanda nayo. Dakika ya nne nikatoa simu mfukoni, nikafungua kikokotoo. Mama wa watu wala hakucheka, alichungulia tu: "Unajumlisha Tanga?" Nikasema ndiyo. "Tanga iko na huku chini."

Jasho lililonitoka hapo hata feni ya dari haikulisaidia. Siku hizi wasifu wangu ni kurasa mbili tu, ila kilichomo naweza kukifanya mbele yako.

Mdau wa Mbeya: Usaili kwa njia ya video. Nimevaa suti vizuri, nimefunga mlango, nimeweka bando la kutosha. Nilichosahau ni kwamba ile akaunti aliitumia mdogo wangu jana yake. Nikaingia kikaoni kwa jina la "Mtoto wa Pwani Hatari". Kazi nilipata, lakini hadi leo ofisini wananiita Hatari.

Mdau wa Mombasa: Salamu kutoka huku Kenya. Mimi niliulizwa mbona niliacha kazi ya kwanza. Badala ya kujibu kwa ufupi, nikamwaga yote: bosi mkali, bosi bahili, bosi hajui kazi. Mzee mmoja pale mezani alikuwa kimya muda wote. Nilipomaliza akaniuliza, "Bado huvaa ile saa yake mkono wa kulia?" Kumbe walifanya kazi pamoja miaka. Mji huu ni mdogo jamani.

Mdau wa Arusha: Mimi nimekaa upande wa pili wa meza miaka kadhaa, shirika binafsi. Ninachokiona kuliko vyote ni jibu la "tueleze kuhusu wewe". Mtu anaanza: "Nimezaliwa mwaka 1996, ni mtoto wa nne kati ya saba, shule ya msingi nilisoma..." Akifika chuo dakika tatu zimekwenda na fomu yangu bado nyeupe. Jamani, mbele yetu tuna karatasi yenye maswali, alama zake na hoja tunazozitafuta. Ukitaja hoja nakupa alama yako. Usipoitaja, hata kama nimekupenda, sina pa kuiandika. Tueleze ulifanya kazi gani, ilileta nini, na kwetu umefuata nini. Ukoo tutaulizana siku ya harusi.

Swali hukulielewa? Omba lirudiwe, mezani kwetu hakuna anayekata alama kwa hilo. Na mshahara usiseme "chochote mtakachonipa". Ulizia mapema kwa wanaofanya kazi kama hiyo, uje na kiwango unachoweza kukitetea.

Mdau wa Morogoro: Mnajisumbua. Nafasi nyingi zina wenyewe, nyie mnaitwa kukamilisha idadi.

Mwanzisha mada: Inawezekana mkuu, sikatai. Lakini mimi pale Dodoma aliyenitoa siyo mtoto wa kigogo, ni irabu.

Mdau wa Tabora: Wakuu, nimeingiwa na baridi. Usaili wangu ni wiki ijayo na nimetoa vyeti sasa hivi. Kitambulisho cha taifa (NIDA) kinasema "Mohamed", cheti cha kidato cha nne kinasema "Mohammed". Nifanyeje?

Mwanzisha mada: Kwanza lisome tangazo lako hadi mstari wa mwisho uone linataka nini kwa wenye majina yanayotofautiana. Hati ya kiapo ya wakili na dipoli si kitu kimoja, dipoli inasajiliwa, kwa hiyo inakula siku. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa wakili, na ubebe vyeti vyote, siyo hivyo viwili tu. Ukirudi tuambie.