Nimeuziwa "Fender ya Marekani ya 1974", kumbe M ni ya Mexico na bodi ni plaiwudi

Wakuu, nina siku nne silali vizuri, kwa hiyo mtanisamehe lugha. Anayetaka kuja na "pole mkuu, ndiyo mjini" apite tu.

Mwezi uliopita nimenunua gitaa la umeme, mtumba, kwa Sh 1,900,000. Tangazo lilisema Fender Stratocaster, Marekani, 1974, mali ya mzee aliyepiga bendi za zamani. Mimi ni mpiga rithimu, bendi yetu inapiga harusi na baa mbili za huku Mbagala, na hiyo hela ni ya miezi saba ya kudunduliza. Sikukurupuka. Nilimuuliza muuzaji namba ya kwenye kichwa inasomekaje, akasema MN5 halafu tarakimu nyingine tano. Nikamuuliza MN ni nini. Jibu lake bado ninalo kwenye simu: "M ni Marekani kaka, N ni namba."

Na mimi nikaelewa! Mtu mzima na ndevu zangu nikakubali kwamba Wamarekani wanaandika jina la nchi yao kwa Kiswahili kwenye gitaa.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini anayesifiwa sana. Akaligonga mgongoni kwa kidole, akachomeka kwenye ampu, akapiga kodi mbili, akafumba macho. "Mbao ya zamani hii, sikia inavyolia." Elfu thelathini yake hiyo. Bisibisi hakuigusa. Muuzaji naye alikuwa ameshanionya: "Kaka, hilo usilifungue, likifunguliwa linapoteza asili." Sasa ndiyo naelewa ni asili ya nani iliyokuwa inalindwa.

Nililifungua kwa sababu uzi wa sita ulikuwa unateleza nje ya shingo kila nikibana freti ya kumi na mbili. Nikajua shingo imekaa upande. Nikalaza gitaa kifudifudi juu ya kitenge cha mke wangu, nikafungua skrubu nne za bati la nyuma, shingo ikatoka kirahisi mno, kama jino bovu. Kisigino cha shingo kina matundu manane. Manane! Manne yanatumika, manne yamezibwa kwa njiti za meno na gundi nyeupe, moja bado ina ncha yake. Pembeni kuna muhuri wa tarehe uliofifia, mwaka unasomeka 95. Nikamulika tochi ya simu kwenye lile shimo la bodi inapokaa shingo. Pale rangi haikufika vizuri, na mistari ya tabaka za plaiwudi inaonekana moja baada ya nyingine, kama mlango wa kabati la Sh 60,000.

Usiku ule ule nikaanza kusoma. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuhitaji hata kufungua. Kila kitu kilikuwa usoni.

Stratocaster za kawaida za 1974 shingo yake ilishikwa kwa skrubu tatu, walianza hivyo 1971 wakaendelea mpaka 1981. Langu lina nne. Kichwa cha miaka hiyo kilikuwa kikubwa, kile kipana ambacho ukikiona kwenye picha za zamani unakijua tu. Langu lina kichwa kidogo. Mwishoni mwa kichwa, pale shingo inapoanzia, palitokeza kichuma cha mviringo kama risasi, cha kurekebishia chuma cha ndani ya shingo. Langu halina. Na namba yenyewe: kabla ya 1976 Fender hawakuiweka kichwani kabisa, ilichapwa kwenye bati la nyuma. Gitaa la 1974 lenye namba kichwani ni sawa na cheti cha kuzaliwa cha 1974 chenye namba ya simu ya mkononi.

Halafu hizo herufi. N peke yake na tarakimu ni Marekani, miaka ya tisini: N5 ni 1995. Ukiona M mbele ya hiyo N, ni Mexico, miaka hiyo hiyo. Kiwanda chao cha Mexico kipo Ensenada na kilianza 1987, kwa hiyo mwaka 1974 hicho kiwanda hakikuwepo hata kwa ndoto. Za miaka ya elfu mbili zina Z, na MZ ndiyo Mexico. Ila msikariri herufi mkadhani mmemaliza kazi, maana E ya miaka ya themanini iliwekwa Marekani na ikawekwa Japani pia. Watu wanaotoa magitaa kwenye makontena ya mitumba ya Japani wanaijua sana hiyo, E yoyote kwao ni Marekani. Na wala sielewi kwa nini wanadanganya, Fender za Japani zilizoanza kutengenezwa 1982 zinatafutwa na watu wenye masikio yao. Mwenye JV original, yaani zile za mwanzo za Japani zenye namba inayoanza na JV, angesema tu ni JV akapata hela yake kwa amani.

Pale kichwani panapopaswa kuandikwa nchi pamepigwa msasa. Ukipitisha ukucha unasikia pamebonyea kidogo na rangi imekuwa butu. Nilipomuuliza siku ya kununua alisema ni "uchakavu wa umri". Uchakavu umepita sentimita tatu tu, ukaruka jina la Fender.

Kesho yake nikafungua na plastiki ya mbele. Muuzaji aliwahi kunitumia picha ya potensiometa, vile vinavyozungushwa kuongeza na kupunguza sauti, zenye namba 1377412. Hiyo picha si ya uongo kwa maana ya namba: 137 ni kampuni ya CTS, 74 mwaka, 12 ni wiki. Ndivyo zinavyosomwa, na hata zikiwa za kweli zinakwambia tu kwamba gitaa halikuunganishwa kabla ya wiki hiyo. Shida ni kwamba hazimo ndani ya gitaa langu. Zilizomo ni vile vidogo, nimepima kwa rula, milimita 16, vimeandikwa B250K basi. Zile kubwa za CTS zina kama milimita 24. Pikapu, vile vinavyonasa mlio wa nyuzi, nazo zina sumaku bapa imegandishwa chini, wakati pikapu za Stratocaster za Marekani za miaka ile zile pini zenyewe ndizo sumaku. Hilo la sumaku halitoshi kumfunga mtu, maana za Mexico za miaka ya tisini nazo zilikuwa na sumaku bapa. Lakini unene wa bodi je? Nimepima milimita 39. Ya kweli inakaribia 45.

Kwa hiyo nilicho nacho ni shingo ya Mexico ya 1995, ambayo naamini ni halali, imepigwa njiti ikabandikwa kwenye bodi ya gitaa la kujifunzia.

Na ile hadithi ya mzee. Hapa ndipo nilipaswa kushtuka, kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa anapiga tumba na ametusimulia mpaka tumechoka. Miaka ya sabini vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Mpiga solo akihama anaondoka na vidole vyake, gitaa linabaki stoo. Nilipompigia simu juzi akacheka hadi akakohoa: "Mwanangu, huyo mzee wako alilipata wapi, aliliiba?"

NYONGEZA: Naona mnauliza yale yale.

Anayesema ningeingiza namba kwenye tovuti: niliingiza kabla ya kununua, kwenye moja ya hizi tovuti za kusoma namba za magitaa, ikaniambia "halali". Bila shaka ni halali, namba ni ya shingo halali. Tovuti haijaliona gitaa, imeiona namba, na mwenye stika anaweza kuandika namba yoyote anayotaka.

Anayesema "si linalia lakini?": ndiyo, linalia. Redio ya mchina nayo inalia. Sikulipa milioni moja na laki tisa kwa ajili ya kulia.

Anayetaka jina la muuzaji: silitaji hapa, nimeshauriwa nisitaje mpaka nimalizane naye polisi. Lakini nimemwandikia. Mwanzo alinijibu nimebadilisha bodi mwenyewe. Nikamtumia picha ya njiti za meno. Akanyamaza siku mbili, kisha akaja na hili: "Kaka usijisumbue, tafuta mtu umuuzie kwa bei ile ile, wateja wa '74 wapo." Mnaona? Hata hakukataa.

Jana ameweka tangazo jingine, safari hii ni ya 1962. Nimekuza picha ya kichwa: namba inaanza na IC. Hiyo ni Indonesia, jamani. Nimemwandikia mtu wa kwanza aliyeuliza bei pale chini, hajanijibu, labda ameshatuma hela.

Fundi wa elfu thelathini amesema nirudi na gitaa aliangalie upya. Kwa elfu thelathini nyingine.

Sasa jambo la maana, Jumamosi tuna harusi Temeke na nimeazima gitaa la kanisa ambalo mwenyekiti wa kwaya anataka lirudi Jumapili saa mbili asubuhi. Mwenye bodi ya Stratocaster ya matundu manne, ya Mexico au hata ya Japani, rangi yoyote, bila pikapu sawa tu, anicheki PM. Naomba utume picha ya shimo la shingo likiwa wazi, na rula pembeni.